Ukija raidi ya Jumamosi kwa mara ya kwanza: maelekezo ya mtu wa mkia

Mi kwenye klabu yetu ya baiskeli hapa Dar nakaa mkia. Yaani kazi yangu kila Jumamosi ni kuendesha nyuma ya yule wa mwisho kabisa, akisimama nasimama, akipata pancha naziba, akiishiwa nguvu nampa ndizi. Kwaiyo vituko vyote vya wageni naviona kwa nyuma, na vingi vinaanzia nyumbani hata mtu hajapanda baiskeli. Naandika hapa hatua kwa hatua maana kila Ijumaa usiku narekodi voisi zilezile mpaka sauti inakauka.

Hatua ya 1: Uliza raidi gani kabla hujauliza baiskeli gani

Watu wanaahirisha miezi eti mpaka wapate baiskeli ya resi. Aisee, ya mtumba kutoka Japani yenye breki zinazoshika inatosha, hata Phoenix ya mzee njoo nayo. Cha kuuliza kwenye grupu ni umbali, spidi, na kama wanasubiriana. Ukiambiwa "kilomita 20, spidi 15 mpaka 18, hatuachi mtu" hiyo ndo yako. Ukiambiwa 60 kwa spidi ya 30, hao wanafanya mazoezi, hawana muda wa stori, waache kwanza.

Kwa mgeni mi napenda ile njia ya baharini: mnaanzia Coco Beach, mnavuka Daraja la Tanzanite, mnatokea pale Aga Khan, mnafuata Barabara ya Barack Obama na Kivukoni mpaka Feri kwenye soko la samaki, afu mnageuza. Ni tambarare, kwenda na kurudi haifiki kilomita 20, na ukichoka popote kuna bajaji. Milima ya Goba na safari za Bagamoyo zipo, hazikimbii.

Hatua ya 2: Ijumaa jioni, sio Jumamosi alfajiri

Kagua upepo. Namba imeandikwa ubavuni mwa tairi, soma kwa tochi ya simu. Tairi pana za mlimani nyingi zinakaa vizuri kwenye PSI (kipimo cha upepo) 35 mpaka 45, zile nyembamba za resi zinataka 80 na kuendelea. Usibonyeze kwa kidole ukasema ipo fresh, kidole kinadanganya.

Sasa hapa kuna kitu kimewaumbua wengi: valvu. Baiskeli yenye valvu nene kama ya pikipiki, popote penye mashine ya upepo unajaza. Ila za resi nyingi zina ile nyembamba ndefu inaitwa Presta, ambayo lazima kwanza ulegeze kanati kadogo ka juu ndo upepo uingie, na mashine ya barabarani haiikamati mpaka uwe na adapta. Ni kidude kidogo cha shaba kama kizibo, kifunge kwenye valvu yako kabisa kikae hukohuko. Kuna dada alisukuma baiskeli kutoka Masaki mpaka kwa fundi, kufika fundi anaiangalia valvu anaigeuza anacheka tu.

Breki: bana ya mbele sukuma mbele, gurudumu lisizunguke, afu rudia na ya nyuma. Cheni futa kwa kitambaa, tia mafuta kidogo, ya ziada futa. Basi, kalale.

Hatua ya 3: Kula, maji, taa

Tunakutana saa 12 kamili, tunatoka na robo. Mwezi wa 6 na wa 7 jua linachelewa mpaka kama saa 12 na nusu kwaiyo bila taa nyekundu nyuma mi sikuruhusu kutoka, tutanuniana lakini ndo hivo. Helmeti hiyo hatujadili.

Kula ndizi mbili au kiporo cha viazi nusu saa kabla. Mi siku yangu ya kwanza nilikuja na chai kavu nikajifanya nakimbizana na walio mbele, kufika nusu ya kilima cha Goba miguu ikazima kama simu ya chaji mbovu, nikakaa chini ya mwembe natetemeka na jua lote lile. Mzee mmoja wa mkia akanipa tende na maji ya chumvi na sukari, hakunisema hata neno. Beba chupa moja kwa kila saa utakayokuwa barabarani, na ukitoka jasho la kuacha chumvi kwenye tisheti weka ORS kwenye chupa moja. Beba pia tyubu ya akiba ya saizi yako (saizi yako! sio ya jirani) na elfu kumi.

Hatua ya 4: Ndani ya kundi

Hapa ndo penye kazi. Tunaendesha kushoto, wawili wawili barabara ikiwa tupu, mmoja mmoja magari yakianza kujaa. Tairi lako la mbele lisiingie ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzako, maana akikwepa shimo kidogo tu anakugusa na wewe ndo unaenda chini, yeye hata hajui. Kaa nyuma yake kama urefu wa baiskeli moja. Ukizoea utasogea zaidi ili akukinge upepo, sa hivi bado.

Usifunge breki ghafla. Ukiona kitu piga kelele na uonyeshe kwa mkono: "shimo!", "tuta!", "mchanga!" (Coco Beach mchanga unamwagika mpaka kwenye lami, ukikata kona juu yake unateleza kama kwenye sabuni), "rasta!" Hizi rasta, vile vituta vidogo vidogo vilivyopangana barabarani, na tairi nyembamba hazipatani, shika usukani kwa mikono yote, nyanyua makalio kidogo kwenye siti, legeza viwiko, acha baiskeli itetemeke chini yako. Nimeshaokota chupa, simu, na meno ya bandia ya mtu kwenye rasta moja tu.

Daladala: ukimuona konda amening'inia mlangoni anagonga bati, jua gari linaingia kituoni sasa hivi na halitakuangalia. Usipite kushoto kwake, abiria anashuka hapohapo. Bodaboda atakuja upande wako akikutazama machoni, wewe punguza mwendo, haki yako utaidai ukiwa mzima. Na Barabara ya Morogoro njia ya mwendokasi usiiguse hata ikiwa nyeupe.

Kutakuwa na muuza madafu atakupita na mzigo wake wa madafu bila jasho. Usimfukuze, nimeshuhudia, haishii vizuri.

Hatua ya 5: Pancha

Nyanyua mkono, sema "pancha!", toka kabisa barabarani. Geuza baiskeli, fungua gurudumu, toa upepo wote uliobaki. Bandua tairi upande mmoja kwa vile vibanduo vya plastiki, mpini wa kijiko ukikosa, taratibu, afu toa tyubu iliyotoboka. Kabla hujaweka tyubu mpya pitisha vidole ndani ya tairi lote, polepole, mzunguko mzima. Hii ndo hatua watu wanairuka. Pale Daraja la Selander kaka mmoja alibadilisha tyubu mbili kwa dakika kumi, zote zikalia pshh, nikamwambia nipe tairi, nikapapasa nikachomwa: kauzi ka chuma kembamba kama unywele, kale kanakotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Kwa macho hukaoni. Nilikang'oa kwa meno, samahani mama.

Afu weka tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, rudisha tairi kwa vidole gumba, angalia haijaing'ata pembeni, ndo ujaze.

Hatua ya 6: Kurudi

Kusi ikishaanza, mwezi wa tano huko mpaka wa tisa, ukienda kaskazini kuelekea Tegeta na Bunju upepo unakusukuma mgongoni unajiona bingwa, kumbe deni linakusubiri kwenye kurudi. Kwaiyo msimu huo kwenda tumia nusu ya nguvu zako tu. Kwenye Daraja la Tanzanite upepo unapiga ubavuni, ukiwa mwepesi acha nafasi kubwa na jirani.

Hatua ya 7: Supu

Chapati mbili na supu, kila mtu analipa yake. Usiondoke kimyakimya kwa aibu eti umechelewesha watu, hapo ndo utajua majina.

Ukifika nyumbani andika "nimefika" kwenye grupu. Sio kwa mapambo, mi nakaa na jasho langu kwenye ngazi ya nje nahesabu, siingii kuoga mpaka zitimie.