Mambo ya kuzingatia kabla ya kuosha tundu la cherero

Kosa kubwa hufanyika kabla hata maji hayajamwagwa: mtu anashika kisu na kuanza kukwangua kinyesi kikavu. Kwa ukavu wa Dodoma, hasa kuanzia Juni hadi Novemba, kinyesi cha asubuhi kikifika jioni kimeshakuwa kama chokaa. Kikikwanguliwa kinapeperuka vumbi, na vumbi hilo linaweza kubeba bakteria wa homa ya kasuku, ugonjwa unaoshika mapafu ya watu pia. Cherero ni ndege mdogo wa jamii ya kasuku, hivyo naye anaweza kuubeba. Vaa barakoa, nyunyizia trei na waya maji ya sabuni, subiri dakika 10 kinyesi kilainike, ndipo ukwangue.

Piga hesabu ya maji mapema. Tundu la jozi moja linahitaji ndoo ya lita 20: lita 5 za sabuni, lita 5 za dawa, 10 za kusuuza. Siku ya mgao, kama ndoo haijajaa, ahirisha. Tundu lililopakwa dawa bila kusuuzwa ni hatari kuliko lile chafu.

Dawa yenyewe ni klorini ya kufulia. Soma lebo, ikiwa ni ya asilimia 3.5, robo lita inatosha kwa lita 5 za maji. Maji yawe baridi, kwani ya moto huidhoofisha. Sabuni itangulie, kwa sababu klorini ikikuta uchafu inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinabaki. Iache dakika 10, kisha suuza mpaka harufu iishe kabisa.

Maji ya visima vya huku yana chumvi, na chombo cha kunywea hujenga ukoko mweupe ambao sabuni haiutoi. Kiloweke kwenye siki nusu saa, usugue, usuuze vizuri. Siki na klorini zisikutane kamwe, hata kwenye beseni moja: zinatoa gesi ya sumu, na kiasi cha kukufanya wewe ukohoe kinaweza kumuua cherero. Kama tundu ni la waya wa mabati, kagua unga mweupe kwenye viungo. Hiyo ni zinki, ambayo ni sumu kwa ndege, na ndege huyu hutafuna kila kitu. Usugue wote utoke. Ukirudi kila mara, badilisha waya.

Ndege aende wapi wakati huo? Boksi la kadibodi lenye matundu madogo linafaa, likiwekwa chumba kingine, mbali na jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kupuliza. Funga madirisha na uzime feni kwanza, maana cherero akiponyoka mkononi huruka moja kwa moja kwenye mwanga.

Brashi iwe ya tundu peke yake. Ile ya banda la kuku inaweza kuleta ugonjwa wa mdondo, na mdondo hauchagui kuku tu.

Kuna kazi ya kila siku ambayo haisubiri siku ya kuosha. Karatasi ya trei ibadilishwe, na maji pia, mara mbili wakati wa joto. Pitisha kidole ndani ya chombo cha maji: ukihisi utelezi, hakijaoshwa, kimejazwa tu. Kwenye chakula, cherero humenya uwele na kuacha makapi juu, kikombe kikaonekana kimejaa kumbe hamna punje. Puliza makapi kabla ya kuongeza, nje ya nyumba, ukiupa upepo mgongo.

Osha asubuhi. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, na vijiti vya kukalia vilivyolowa jioni vitamlaza ndege kwenye unyevu. Anika tundu juani, upande ambao vumbi la barabarani halifiki. Kabla ya kumrudisha, gusa pembe za trei na miisho ya vijiti, kwani huko ndiko maji hujificha.