Jinsi ya kufuma nyumbani bila kazi kukwama katikati

Mdogo wangu alikuja kwangu na mfuko wenye sweta ya bluu iliyofika makwapani. Vitanzi vimelingana vizuri, uzi mzuri, lakini sindano zilikuwa zimekaa humo miezi saba. "Dada, sijui niliishia wapi," akaniambia. Muda wa kufuma alikuwa nao karibu kila jioni. Ila kila alipoutoa mfuko, dakika zote ziliishia kwenye kutafuta safu aliyofikia, akachoka, akaurudisha kabatini. Tulikaa siku mbili tukaifufua, na haya ndiyo niliyomwonyesha. Nachukulia kwamba kuanzisha vitanzi, kufuma mbele, kufuma nyuma na kufunga unajua.

Hatua ya 1: Baki na kazi mbili

Moja ngumu, yenye nakshi, ya kufumia penye mwanga na utulivu. Nyingine nyepesi, ya kufuma huku unazungumza. Nyingine zote zitoe kwenye sindano: pitisha vitanzi kwenye kipande cha uzi, funga ncha zake, kisha andika ukubwa wa sindano uliyotumia kwenye karatasi na uibane hapohapo kwenye kazi. Usiache kuandika. Ukirudi na sindano ya milimita 4.5 badala ya 4, mstari wa tofauti utaonekana na hautafichika kwa kufua.

Hatua ya 2: Sindano

Tumia sindano mbili zilizounganishwa kwa waya laini, hata kwa kazi bapa ya kwenda na kurudi. Uzito wa kitambaa unakaa mapajani, si kwenye viwiko, na ukiiweka kazi chini unavisukuma vitanzi vyote katikati ya waya, haviponyoki. Kwa anayejifunza ninapendelea za mianzi au mbao, kwa sababu zinashika uzi kidogo. Za chuma zina kasi, lakini uzi unaoteleza juu ya sindano inayoteleza unahitaji mkono uliozoea.

Hatua ya 3: Kipande cha kupimia

Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue kama utakavyoifua nguo yenyewe, kikauke, ndipo upime sentimita 10 za katikati. Kingo huvutika, zinadanganya. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuanza, lakini tazama hesabu: maelekezo yanataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, na mkono wako unatoa 20. Sweta ya mzunguko wa sentimita 100 ina vitanzi 220. Kwa mkono wako itatoka sentimita 110. Vitanzi 2 tu, na nguo si yako tena. Ukipata vichache, shuka sindano. Ukipata vingi, panda. Na kama nguo itafumwa kwa kuzunguka, kipande nacho kifumwe kwa kuzunguka, maana wengi wetu safu za nyuma huzilegeza kidogo.

Hatua ya 4: Geuza nguo iwe safu za siku

Kwenye kipande kilekile hesabu safu. Tuseme ni 28 kwa sentimita 10, na mgongo wa sweta ni sentimita 60: hizo ni safu 168. Safu 8 kwa siku, siku 21. Fuma safu 4 huku ukitazama saa ujue kila moja inakula dakika ngapi, kisha chagua idadi unayoiweza hata siku ya uchovu. Nachora vijiti kwa penseli, vitano vitano, kwenye karatasi inayokaa mfukoni mwa kazi. Simu sishauri: ukiishika kuhesabu safu, utajikuta unasoma ujumbe.

Hatua ya 5: Uzi wa usalama

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa nafuma shali ya nakshi ya matundu, nimepita safu ya 90, nikagundua kosa safu sita chini. Nikachomoa sindano, nikafumua. Matundu yale hutokana na uzi uliozungushwa tu juu ya sindano, kwa hiyo ukifumua hayabaki kama vitanzi, yanayeyuka. Ilinichukua saa nne nzima kuokota vitanzi 180, na bado havikutimia. Nilifumua yote nikaanza upya.

Tangu siku hiyo, kila baada ya safu 20 za kawaida, au kila nakshi inapokamilisha mzunguko wake, natunga uzi mwembamba wa pamba kwenye sindano butu ya kushonea na kuupitisha ndani ya kila kitanzi, sindano ya kufumia ikiwa bado mahali pake, ili nikifumua vitanzi viishie hapo. Butu, kwa sababu ncha kali huchoma katikati ya uzi wa kitanzi na kuukwamisha. Pamba, kwa sababu sufu hung'ang'ania sufu. Rangi iwe tofauti lakini isiwe nzito. Nyekundu iliyokolea inaweza kuacha vinyweleo kwenye kazi nyeupe. Pete za alama ziruke: ukiupitisha uzi ndani ya pete, pete itabaki imefungwa palepale. Acha sentimita 15 zikining'inia kila upande. Safu inayofuata fuma taratibu, usiunase uzi huo ndani ya kitanzi. Kisha andika: "uzi, safu ya 40". Uzi usio na namba unakuokoa nusu tu, kwani utakuwa na vitanzi vyote na hujui nakshi ilifika wapi.

Uuchagulie pia mahali pake: baada ya safu nyepesi ya kurudi, uliyokwisha kuihesabu vitanzi. Ukiupitisha kwenye safu yenye kosa, umelihifadhi kosa.

Siku ya kufumua ikifika, chomoa sindano, vuta uzi wa kufumia polepole hadi pale utakapokataa. Okota kwa sindano nyembamba zaidi, ya milimita 3 kama ulikuwa na ya 4, ukianzia upande usio na uzi wa kufumia, ili ncha iishie pale uzi ulipo. Kila kitanzi kikae mguu wa kulia ukiwa mbele ya sindano. Vilivyogeuka usivihangaikie sasa, vigeuze utakapovifikia. Uzi wa usalama usiutoe hadi wa juu yake uwe umepita.

Hatua ya 6: Ishia mwisho wa safu

Ukikatizwa katikati, kumbuka uzi wa kufumia hutoka kwenye sindano ya mkono wa kulia. Ukizishika kinyume utageuka nyuma bila kujua, utaacha tundu, na upande mmoja utakuwa na safu mbili zaidi. Kosa hilo ndilo tulilolikuta kwenye sweta ya bluu.

Hatua ya 7: Mikono miwili kwa pamoja

Anzisha mikono yote miwili ya sweta kwenye sindano moja, kila mmoja na donge lake la uzi. Ukiongeza kitanzi huku, unaongeza na kule, na itatoka sawa. Geuza kazi upande huu mwisho wa safu moja na upande mwingine mwisho wa inayofuata, vinginevyo madonge yatasokotana. Na usiiweke kazi chini kabla mkono wa pili haujamaliza safu ileile.