Kutambua rubi ya Longido kabla hujamtumia mkusanya mawe mwenzako

Bamba la jiwe la kijani lenye madoa mekundu ya rubi likinifikia, naligeuza kwanza. Mgongo ambao haujang'arishwa husema kweli kuliko uso. Kwaruza hapo kwa ncha ya kisu. Likitoa unga wenye vimeta kama magamba ya samaki, hiyo ni fuksaiti (mika laini ya kijani), aghalabu ya India, hasa kama rubi imezungukwa na ukingo wa buluu wa madini ya kayanaiti. Kisu kikiteleza, na kuna mabaka meusi ya madini ya hornblendi, basi una zoisaiti, yaani jiwe gumu la kijani linalobeba rubi ya Longido, kaskazini mwa Tanzania. (Mstari wa kijivu usikutishe: ukifutika kwa kidole, ni chuma cha kisu.) Kisha pitisha ukucha usoni. Kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, rubi ina ugumu wa 9, zoisaiti 6 hadi 7, hivyo msasa hula kijani na kuacha nyekundu imeinuka kidogo.

Picha piga mchana, kivulini, na sarafu pembeni. Taa ya simu, hapana. Mgongo ulowanishe maji ili rangi itoke. Uso uache mkavu.

Kila bamba lifunge gazeti peke yake, ubandike karatasi ya mahali lilikochimbwa: Mundarara, Longido, Tanzania. Lisiloandikwa lilikotoka mimi silipokei, hata liwe zuri vipi.