Viazi aina ya Shangi vikikomaa mvua ikiwa bado yanyesha

Usikimbilie jembe. Fyeka majani kwanza, yenye ukungu uyatoe kabisa shambani, kisha viache viazi ardhini wiki mbili hivi ngozi ikaze. Sugua kimoja kwa kidole gumba: ngozi isipobanduka, subiri siku kavu uchimbe. Kiazi kilichoingia guniani na tope huoza na kuozesha vingine.

Bei nayo? Kule Kinangop, nchini Kenya, barabara ikigeuka matope lori halifiki, na dalali anajua huna pa kwenda. Hapo ndipo anapodai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ingawa gunia halali Kenya ni kilo 50. Shangi huchipua upesi, haingoji bei ipande. Mwenye stoo yenye giza na hewa apande pia aina inayochelewa kuchipua.