Laptop umeizima lakini chaji inaisha? Jaribu haya kabla hujanunua betri

Laptop yangu niliizima saa nne usiku ikiwa na chaji asilimia 80, asubuhi nawasha nakuta 68. Fundi hata hakuifungua, akasema betri imekufa, nikanunua nyingine na tatizo likabaki palepale. Ile hela iliniuma sana, ndo maana nakwambia ujue kwanza anayekula chaji ni nani, betri yenyewe au mashine.

Anza kwa kuhakikisha imezimika kweli. Kufunga mfuniko sio kuzima, hapo imelala tu. Na kwenye Windows 10 na 11 hata ukibonyeza Shut down, kama "fast startup" iko on basi haizimiki yote, inatunza sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na kuna mashine zinavuja chaji kwa sababu hiyo. Kwahiyo shikilia Shift ndo ubonyeze Shut down, hapo inazima mazima. Andika asilimia kwenye karatasi, chomoa chaja, asubuhi linganisha. Usiku wa pili zima kama ulivyozoea. Kama kwa Shift chaji haishuki, ingia Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", bonyeza pale juu "Change settings that are currently unavailable", toa tiki kwenye fast startup, sevu.

Chaji ikishuka kwa njia zote mbili, angalia USB. Mimi mwizi wangu alikuwa hapa: nilizima taa ya chumbani nikageuza mausi, ile taa nyekundu ya chini inawaka wakati laptop imezimwa toka jioni! Laptop nyingi zina tundu la kuchajia simu hata zikiwa zimezimwa, na chochote ulichoacha humo, mausi, modemu, feni ndogo, kinaendelea kunywa usiku kucha. Chomoa vyote. Halafu ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka (Dell ni F2, HP F10, ThinkPad F1, unabonyeza mara tu inapowaka), kwenye Dell tafuta USB PowerShare, Lenovo ni Always On USB, izime, na Wake on LAN (inayoruhusu laptop kuwashwa kupitia mtandao) nayo izime kama huitumii.

Bado? Sasa ndo tuishuku betri. Kama inachomoka, itoe ikiwa na 80, iweke mezani siku mbili, irudishe uone. Betri nzima ya lithiamu ikikaa peke yake inapoteza asilimia chache tu kwa mwezi, kwahiyo ikirudi na 60 ujue ni yenyewe, ila ikirudi na 80 ileile basi umeme unavuja kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani) na hapo mtafute fundi mwenye mita ya kupimia, asiyebahatisha.

Kwa betri za ndani zisizochomoka, fungua CMD (tafuta cmd kwenye Start) andika powercfg /batteryreport, itakuonyesha faili imekaa wapi. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (inachoshika sasa ikijaa), kama ilitengenezwa na 45,000 na sasa inashika 20,000 hiyo imechoka, nunua bila wasiwasi.

Na ukiona padi ya kugusia imeinuka au mfuniko wa chini umeachia, betri imevimba, usipime chochote tena. Zima, usichaji, usiitoboe wala kuikandamiza, ipeleke ikatolewe leoleo.