Repu wa dawa akibisha hodi: namna ya kumpokea, kumuuliza na kumuaga

Nawaandikia wadogo zangu: daktari aliyemaliza intani juzi, tabibu aliyepangiwa kituo cha afya peke yake, na mfamasia ambaye meza yake haikosi vipeperushi. Chuoni tulikariri dozi mpaka usingizini, lakini hakuna aliyetufundisha la kufanya pale repu, yaani kijana nadhifu aliyetumwa na kampuni kuzinadi dawa zake, anapoingia na begi lake, akatabasamu na kusema, "Shikamoo dokta, naomba dakika zako mbili tu."

Sisemi umfukuze. Wapo madaktari waliowafungia mlango kabisa marepu, nami nawaheshimu. Ila kwa aliye kituo cha pembezoni, mara nyingine repu ndiye wa kwanza kumletea habari kwamba dawa fulani imebadilishwa kifungashio, na ndiye atakayekaa na wauguzi kuwaonyesha namna ya kumfundisha mgonjwa wa pumu kuvuta inhela. Ninachotaka ni kwamba kikao kiwe chako, kisiwe chake.

Hatua ya 1: Mtoe kwenye foleni

Repu hapokelewi katikati ya kliniki. Mgonjwa aliyewahi benchi alfajiri, akimwona mtu wa begi anapitishwa mbele yake, haelezwi zaidi, ameshaelewa. Tenga siku moja ya wiki, baada ya kliniki, tuseme Alhamisi saa nane mchana, robo saa kwa kila mmoja. Mweleze Mganga Mfawidhi, kisha bandikeni tangazo mapokezi.

Usimpokee peke yako. Mwite mfamasia, na kama mna madaktari wa intani, nao wakae wasikie. Mfamasia ndiye anayejua bei, na maneno yanayosemwa mbele ya watu watatu huwa na adabu kuliko yanayonong'onwa kwa mmoja.

Utadhani watanuna. Hawanuni. Mtu anayetakiwa na meneja wake kuonana na idadi fulani ya madaktari kwa siku anapenda miadi kuliko kusimama koridoni asubuhi nzima akiigiza kusoma mabango ya chanjo.

Hatua ya 2: Jua aliyekaa mbele yako

Wengi ni vijana wenye shahada ya famasia au biolojia, wengine mlisoma nao. Ana mshahara, na juu yake bonasi inayotokana na mauzo ya eneo lake. Ana pia orodha ya madaktari iliyopangwa kwa madaraja: anayeandika sana, anayeandika kidogo, anayeweza kugeuzwa. Ukiona anakuja kila wiki, kadiria mwenyewe uko daraja gani.

Marekani kampuni hununua takwimu za vyeti vya dawa na kujua kila daktari ameandika nini. Huku kwetu inatosha kupita famasi iliyo mkabala na geti la hospitali na kumuuliza muuzaji. Kwa hiyo akikwambia, "Asante dokta kwa kutushika mkono mwezi uliopita," hajabahatisha. Anajua na jina la mwanao, na kama wewe ni wa Simba au Yanga. Si ubaya wake, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Mheshimu kama mtu wa kazi, na urafiki wenu uusubirishe mpaka siku atakapoacha kuuza dawa.

Hatua ya 3: Maswali ya mlangoni

Kabla hajafungua begi, fungua daftari. Uliza jina la jeneriki, yaani jina la dawa yenyewe, maana jina la kampuni ni la kuuzia. Uliza kama dawa imesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Rejesta iko kwenye tovuti yao na mfamasia anaweza kuikagua papo hapo kwa simu. Kisha tazama kama imo kwenye Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Weka kitabu hicho juu ya meza wazi wazi, kinaokoa maneno mengi. Mwisho uliza bei, na hapa uwe king'ang'anizi: bei ya dozi kamili, sio ya stripu moja, na kama bima inailipia. Mgonjwa wa presha hanunui stripu. Ananunua mwezi kwa mwezi mpaka uzeeni.

Kama ni antibiotiki, ongeza swali moja. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa dawa hizi makundi matatu: za kuanzia, za kuangalia kwa makini, na za akiba. Amoksilini iko kundi la kwanza. Seftriaksoni na azithromaisini ziko la pili. Dawa ya kundi la pili inaponadiwa kwa mafua na kikohozi cha kawaida, funga daftari na umshukuru kwa kuja.

Hatua ya 4: Piga hesabu mwenyewe

Hapa ndipo nataka ukae zaidi. Kipeperushi cha kampuni kubwa ni nadra kuandika uongo mtupu. Kinachagua tu namba ipi iandikwe kwa herufi kubwa.

Chukua tangazo maarufu la Lipitor, dawa ya kolesteroli ya Pfizer, lililoenea Marekani. Kwa maandishi makubwa lilisema inapunguza hatari ya shambulio la moyo kwa asilimia 36. Chini, kwa herufi ndogo, ndipo palikuwa na maelezo. Utafiti wenyewe ulifanywa kwa watu wenye presha. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 3.0 walipata shambulio la moyo au kufa kwa ugonjwa huo. Kati ya waliopewa dawa, asilimia 1.9.

Sasa fanya hivi. Toa namba ndogo kwenye kubwa: 3.0 kutoa 1.9 ni 1.1. Hiyo ndiyo tofauti halisi. Kisha gawa 100 kwa jibu hilo: unapata kama 91. Maana yake watu 91 wameze kidonge kila siku, kwa miaka mitatu na kitu, ili mmoja aepuke janga. Asilimia 36 si uongo, kwani 1.1 ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya 3.0. Ila namba hizo mbili hazimwingii daktari akilini kwa namna moja, na aliyetengeneza kipeperushi analijua hilo kuliko wewe.

Usidhani hesabu hii ni ya kukataa dawa tu. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliochomwa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliochomwa atesuneti, asilimia 8.5. Kwa lugha ya kipeperushi hiyo ni pungufu ya asilimia 22.5, inaonekana ndogo kuliko ile 36. Toa: 2.4. Gawa: kama 42. Ukiwatibu watoto 42 kwa siku chache, mmoja aliyekuwa afe anarudi nyumbani na mama yake. Ndiyo maana kwinini iliondolewa kwenye nafasi yake ya kwanza. Dawa mpya ilikuwa bora kweli, na hesabu ile ile ndiyo iliyoonyesha.

Ukishazoea, hesabu haichukui dakika moja kwa kikokotoo cha simu. Kama kipeperushi hakina asilimia za makundi yote mawili, huna cha kukokotoa. Mwambie repu akuletee makala nzima ya utafiti, sio muhtasari wa kampuni.

Tazama pia dawa imeshindanishwa na nini. Kuishinda chaki, yaani kidonge kisicho na dawa, si sifa; swali ni kama inaishinda ile mnayotoa sasa, tena kwa dozi ya kawaida. Tazama imepima nini: kushusha namba ya maabara ni jambo moja, kumpunguzia mgonjwa kiharusi ni jingine. Na grafu ambayo mhimili wake unaanzia 90 badala ya sifuri, iruke.

Hatua ya 5: "Nani asipewe?"

Swali hili ndilo linalowatenganisha marepu. Usiulize "ina madhara?" maana utajibiwa kwamba inavumilika vizuri. Uliza nani hasa asipewe, na inagombana na dawa gani kati ya zile wagonjwa wetu wanazomeza kila siku: ARV, rifampisini ya kifua kikuu, dawa za kisukari, dawa za kuyeyusha damu.

Sikiliza anavyojibu. Mwaka 2000 utafiti wa VIGOR ulilinganisha Vioxx, dawa ya maumivu ya kampuni ya Merck, na naproksini, dawa nyingine ya maumivu. Waliotumia Vioxx walipata mashambulio mengi zaidi ya moyo. Kampuni ikasema naproksini ndiyo inayolinda moyo, dawa yao haina shida. Vioxx iliondolewa sokoni tarehe 30 Septemba 2004. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaonyeshwa nyaraka walizofundishiwa marepu, mojawapo ikiwa mchezo wa kadi zenye maswali magumu ya madaktari, na kadi za mwisho zikiwa na neno moja tu: kwepa!

Basi ukiuliza habari za moyo ukajibiwa habari za tumbo, ujue. Usigombane naye. Andika swali kwenye karatasi, mpe, mwombe jibu la maandishi kutoka kwa daktari wa kampuni. Na ukimpata repu anayesema, "Hilo sijui dokta, naomba nikaulize," huyo mwandike namba yake ya simu.

Hatua ya 6: Pilau, kalamu, sampuli na bahasha

Wahenga walisema mla cha mwenzio na chake huliwa. Ugumu wa kazi yetu ni kwamba wewe ndiye unayekula, lakini kinacholiwa baadaye ni cha mgonjwa. Na usiseme pilau moja haiwezi kukununua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwaangalia madaktari 279,669: waliopokea hata mlo mmoja, kwa wastani wa chini ya dola 20, waliandika dawa iliyotangazwa kwa kiwango kikubwa kuliko wasiopokea. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mlo ndio chanzo, lakini kadiri milo ilivyoongezeka na vyeti viliongezeka. Kampuni zina wahasibu; zisingelipia wali na kuku mwaka hadi mwaka kwa mapenzi tu.

Kukataa chakula kwetu ni kazi, mtu anaweza kuona umemdharau. Sema mapema, siku unapompa miadi: "Mdogo wangu, karibu sana, ila kwenye kikao chetu hatuli. Chai tutakupa sisi." Nimeona jambo hili likiwastarehesha marepu wenyewe, chai ya kituo haina deni. Kalamu, mikoba na kalenda, jibu ni "asante, tunazo". Kanuni za shirikisho la kimataifa la kampuni za utafiti wa dawa, IFPMA, zimepiga marufuku zawadi kama hizo kwa dawa za cheti tangu 2019, lakini zinawabana wanachama wake. Wasambazaji wengi wa jeneriki wanaopita kwenye vituo vyetu hawamo.

Sampuli zisiingie kwenye droo yako. Zipelekwe famasi, ziandikwe kwenye leja pamoja na tarehe ya kuisha muda, au zirudi zilikotoka. Ubaya wake si wa siku ya kwanza: mgonjwa anaanzishiwa bure wiki mbili, mwili unazoea, halafu wiki ya tatu anaambiwa akanunue dawa ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile iliyopo dirishani kwenu.

Semina, angalia mambo mawili: mwaliko uje kwa uongozi wa kituo, si kwa jina lako, na mzungumzaji aseme hadharani nani kamlipa. Bahasha inayohesabiwa kwa idadi ya vyeti sina la kuielezea. Hiyo ni rushwa, na TAKUKURU wana sheria yake ya mwaka 2007.

Hatua ya 7: Baada ya kumuaga

Usiandike dawa hiyo wiki hiyo hiyo, hata kama imekuvutia. Sifa zikiwa bado mbichi masikioni, kila mgonjwa anayeingia anaonekana ndiye aliyekusudiwa. Kaa na mfamasia, soma makala yenyewe, linganisheni na mwongozo wa taifa. Ikionekana inafaa, ipeleke Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali, ikaamuliwe na watu ambao hawakuwepo kwenye kikao. Aliye kituo kidogo kisicho na kamati ampigie mfamasia wa wilaya.

Ikikubaliwa, andika cheti kwa jina la jeneriki. Mgonjwa wa kwanza kabisa utakayemwanzishia, mpe tarehe ya kurudi iliyo karibu kuliko kawaida, na dalili yoyote usiyoielewa ijazie fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa, hata kama huna hakika kwamba dawa ndiyo chanzo.

Daftari lako liwe na safu moja ya ahadi: makala aliyosema ataleta, jibu la daktari wa kampuni, bei mpya aliyodai iko njiani. Miadi inayofuata anza na safu hiyo, kabla ya dawa mpya. Ahadi zikiwa zimetimia, endeleeni. Zikiwa hazijatimia mara mbili, mapokezi wamwambie Alhamisi zimejaa.