Kusoma Kihispania chuo kikuu: anzia kwenye Kiswahili chako, usipitie Kiingereza

Kabla hujajaza fomu ya kuomba digrii ya Kihispania tafuta orodha ya masomo ya miaka yote, sio ya mwaka wa kwanza tu, na uisome mpaka chini. Jina la digrii peke yake halikwambii kitu. Vyuo viwili vinaweza vyote kuiita Lugha na Utamaduni wa Kihispania halafu kimoja kikawa kinafundisha fasihi kwa tafsiri na lugha yenyewe masaa machache kwa wiki, kingine kuanzia mwaka wa pili kila lekcha ni kwa Kihispania, na wahitimu wao wakifungua mdomo tu tofauti unaisikia. Kwahiyo angalia masaa ya lugha, angalia historia na fasihi vinafundishwa kwa lugha gani, angalia kama Amerika ya Kilatini na Afrika zimo au ni Hispania mwanzo mwisho, na kama kuna semista au mwaka wa kwenda kukaa nchi wanakoongea Kihispania. Kama hujawahi kukisoma kabisa usiogope, vyuo vingi vina njia ya wanaoanza sifuri, ila jua kasi yake ni kali, mnatakiwa muwafikie wale waliosoma toka sekondari, na ukikosa wiki mbili za mwanzo utazitafuta semista nzima.

Haya, umeshaingia. Sasa jambo ambalo natamani kila mwanafunzi anayeongea Kiswahili aambiwe siku ya kwanza: vitabu vingi vya kozi vinaeleza sarufi kwa Kiingereza, na wewe unajikuta unatafsiri mara mbili, Kihispania kwenda Kiingereza halafu Kiingereza kwenda Kiswahili, na kwenye ile safari ya katikati ndo mambo yanapotea, kwa sababu vitu kadhaa vinavyowatoa jasho wanaotokea Kiingereza sisi tunavyo tayari kwenye lugha yetu. Ruka Kiingereza. Daftari lako la sarufi liandike Kihispania upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, basi.

Anza na sauti. Vokali ni zile zile tano na zinasomwa kama zilivyoandikwa, casa, mesa, libro utazisoma vizuri siku hiyo hiyo. Ñ ni ny yetu ya nyanya. H haitamkwi kabisa, b na v ni sauti moja, j inatokea kooni kama kh. Z, na c ikifuatwa na e au i, sehemu kubwa ya Hispania wanaitamka kama th ya thelathini, Amerika ya Kilatini ni s tu, chagua moja na ubaki nayo. Mkazo nao hautakusumbua sana, sisi tunaukaza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na wao wanafanya hivyo hivyo kwa maneno yanayoishia na vokali, n au s, mengine mkazo unaenda silabi ya mwisho, na neno likivunja sheria hiyo linawekewa alama juu. Alama hiyo usiichukulie kama pambo maana hablo ni naongea na habló ni aliongea, ukiisahau kwenye mtihani umebadilisha mtu na wakati kwa pamoja. Kazi ya kweli kwenye sauti ni r. Pero ni lakini, perro ni mbwa, na kama lugha yako ya nyumbani inachanganya r na l basi lifanyie mazoezi mapema kwa sauti kubwa, kila siku dakika chache, usisubiri mtihani wa mazungumzo.

Sasa sarufi, na hapa tukae kidogo. Wenzako wanaotokea Kiingereza watashangaa kwa nini kivumishi kinabadilika kufuata jina, wewe umezaliwa unasema kitabu kizuri, vitabu vizuri, kiti kizuri, mti mzuri, kwahiyo libro bonito, libros bonitos, casa bonita, casas bonitas ni upatanisho ule ule ila ngeli zao ni mbili tu, ya kiume na ya kike. Mtu anakaa ndani ya kitenzi: ninasoma ina mimi tayari, estudio nayo ina mimi tayari, ukianza kila sentensi na yo utasikika kama mtu anayesema mimi nasoma, mimi nakula, mimi naenda bila kupumzika. Nyakati ndo tamu zaidi. Nimekula ni he comido, nilikula ni comí, nilikuwa nakula ni comía. Tofauti ya comí na comía inawakalisha watu semista nzima, wakati we ukisema nilikuwa nakula simu ilipolia umeshaipata, comía cuando sonó el teléfono. Comía inabeba pia mazoea ya zamani, yaani tulikuwa tunakula saa mbili kila usiku, na huko Amerika ya Kilatini sehemu nyingi watasema comí pale ambapo mtu wa Madrid angesema he comido, kwahiyo usitegemee ilingane asilimia mia, ila mlango umeshafunguka.

Halafu subjuntivo, umbo la kitenzi la matakwa na mashaka, ile ambayo kila mtu anakutisha nayo. Sema kwa sauti: nataka uje. Hukusema nataka unakuja, si ndio? Ile e ya mwisho imekuja yenyewe kwa sababu kitendo bado hakijatokea, kiko kwenye matakwa ya mtu. Quiero que vengas. Ni muhimu asome, es importante que estudie. Nimemwambia aondoke, le he dicho que se vaya. Mama amekataa nitoke, mi madre no quiere que salga. Ukiwa umekaa unajaza mazoezi jiulize kwanza, hapa kwa Kiswahili ningeweka e? Mara nyingi sana jibu litakuwa ndio na subjuntivo itakuwa sahihi. Zinazobaki, kama dudo que venga (sidhani kama atakuja) au cuando llegues (ukifika), hizo ndo uzikariri kama kundi la pembeni, na kundi dogo lina unafuu kuliko kukariri orodha nzima ya sheria.

Ser na estar pia, vitenzi vyao viwili vya kuwa. Juma ni mwalimu, Juma es profesor. Juma yuko nyumbani, Juma está en casa. Sisi tuna ni na tuna yuko, wao wana es na está, na hali za mtu ambazo sisi tunaziweka kwenye -me-, amechoka, amekaa, amekufa, wao wanaziweka kwenye estar: está cansado, está sentado, está muerto. Angalia tu matukio, yanachukua ser hata ukiongelea mahali, la clase es en el aula tres, somo liko chumba cha tatu.

Kuna mahali Kiswahili hakitakusaidia na huko ndiko upeleke nguvu zako. Jinsia ya majina haina mantiki ya kutegemea, la mano ni ya kike japo inaishia na o, el problema ni ya kiume japo inaishia na a, na el agua fría ni ya kike iliyovaa el, kwahiyo usikariri neno bila el au la yake hata mara moja. Por na para zote tunazitupa kwenye kwa na kwa ajili ya, hapo hamna njia ya mkato, kusanya sentensi za kweli unazokutana nazo na uzisome tena na tena. Na vitenzi vinavyobadilika ovyo, ser, ir, tener, hacer, poder, decir, venir, poner, hivi vinatumika kila dakika, viwe mdomoni mwako kabla semista ya kwanza haijaisha.

Tuje utamaduni, maana wengi wanauchukulia kama somo la kupumzikia na baadaye wanajuta. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi huru 20 pamoja na Puerto Rico. Hispania yenyewe haifiki watu milioni 50, Mexico peke yake imepita milioni 120, kwahiyo ukijua Hispania tu umejua sehemu ndogo ya lugha hii. Na moja ya hizo nchi ni ya Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, ina waandishi wake kama Donato Ndongo-Bidyogo, na inasikitisha kwamba kozi nyingi zinaipita kama haipo. Uliza lekchara wako, pendekeza, andika asainmenti juu yake. Ushauri wangu ni kuchagua nchi moja iwe nyumbani kwako, soma habari zake kila siku, jua marais wake, ugomvi wake, timu zake, utani wake, na nyingine uzijue kwa kulinganisha. Utagundua haraka kwamba vosotros (ninyi) ni ya Hispania, Amerika ya Kilatini wote ni ustedes, Argentina wanasema vos badala ya tú (wewe), na kwamba ndani ya Hispania yenyewe kuna Kikatalani, Kigalisia na Kibaski zenye hadhi rasmi kwenye maeneo yao, kama ilivyo Kiguarani huko Paraguay, kwahiyo usimwambie mtu wa Barcelona kwamba lugha yake ni lahaja ya Kihispania.

Historia soma kwa tarehe chache ila uzielewe kweli: 711 Waislamu wanavuka kutoka Afrika Kaskazini, 1492 Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu, inaanguka, Wayahudi wanafukuzwa, Columbus anavuka bahari na mwanaisimu Nebrija anachapisha sarufi ya Kikastilia (ndiyo Kihispania chenyewe), vyote mwaka mmoja, halafu 1936 mpaka 1939 vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1975 dikteta Franco anakufa, 1978 katiba mpya. Zile karne karibu nane za Al-Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, ndizo zilizoacha Kiarabu kingi ndani ya lugha, azúcar na sukari yetu wametoka nyumba moja, alcalde ambaye ni meya ni ndugu wa kadhi, na hasta inafanya kazi ya hadi na ya hata, hasta los niños lo saben, hata watoto wanajua.

Kwenye fasihi, kinachowaangusha watu sio kusoma, ni comentario de texto. Huu ni uandishi wenye kanuni zake na ukileta insha ya kawaida utapoteza maksi bila kujua kwa nini. Unapewa kipande, unaeleza kimetoka wapi na lini, dhamira yake nini, kimegawanyika vipi, halafu lugha: nani anaongea, nyakati gani zimetumika, picha gani, marudio gani, na kila unachotaja useme kinafanya nini kwenye maana. Kuandika tu kwamba kuna sitiari mstari wa tatu haitoshi. Kwa kuanzia fanya mazoezi na maandishi mafupi, mashairi ya Wachile Gabriela Mistral au Neruda yatakufaa kabla hujakutana na riwaya ya Don Quijote ya 1605. Maandishi mengi ya zamani utayapata bure kwenye Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes, na kamusi ya Real Academia Española nayo iko bure mtandaoni, mwaka wa pili ukifika itumie hiyo ya Kihispania kwa Kihispania.

Ukiandika kumbuka ¿ mwanzoni mwa swali na ¡ mwanzoni mwa mshangao, siku, miezi na majina ya lugha yanaanza na herufi ndogo, na barua pepe kwa lekchara inaanza Estimada profesora ikifuatiwa na nukta mbili, sio mkato. Tumia usted, ile wewe ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akwambie umwite tú.

Kusikiliza ni kila siku, nusu saa, na sio muziki peke yake. Tafuta podikasti yenye maandishi yake, Radio Ambulante kwa mfano ina hadithi za kweli kutoka Amerika ya Kilatini na maandishi unayapata kwenye tovuti yao. Sikiliza bila kusoma, sikiliza ukisoma, halafu rudia sentensi kwa sauti ukifuata kasi ya msimuliaji. Kuongea tafuta mtu wa kubadilishana naye, nusu saa Kihispania nusu saa Kiswahili au lugha nyingine anayoitaka, na mkubaliane mapema kwamba atakusahihisha, kwa sababu watu wapole huwa wanaacha makosa yapite na wewe unabaki nayo.

Cheti cha nje ya digrii kina faida ukiomba kazi au masomo zaidi. DELE, cheti cha Kihispania cha Instituto Cervantes, haiishi muda wake, ila unachagua kiwango kabla na unafaulu au unafeli, kwahiyo usiikimbilie. SIELE, mtihani mwingine wa Kihispania, inafanywa kwa kompyuta, inakupa alama za pale ulipofikia, ila inadumu miaka 5. Ukihitaji cheti haraka chukua SIELE, ukiwa umeiva kwenye viwango vya juu, B2 au C1, chukua DELE. Ukipata nafasi ya semista ya nje usipange nyumba na watu wanaoongea lugha yako hata kama ni rahisi zaidi, tafuta nyumba ya wenyeji.

Na tasnifu ya mwaka wa mwisho, anza kuifikiria semista moja kabla ya kupewa msimamizi. Chagua mada ambayo Kiswahili chako kinakupa nguvu kuliko wengine darasani: ile e yetu na subjuntivo, maneno ya Kiarabu kwenye lugha zote mbili, au riwaya za Guinea ya Ikweta ukizilinganisha na za Kiswahili. Andika ukurasa mmoja tu wenye swali lako, maandishi utakayotumia na kwa nini, mpelekee lekchara unayemtaka akusimamie na umuulize waziwazi kama yuko tayari kusimamia mada inayogusa Kiswahili, maana akikataa bado utakuwa na muda wa kumtafuta mwingine, hata kutoka idara ya Kiswahili au isimu.